Kabla Fundi Hajapanda Kwenye Paa la Asbesto

Mahindi yakishauzwa, mji wa Songea, mkoani Ruvuma, huanza kuezua. Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza zinapotishia kunyesha, mtu aliyekwisha kulipwa fedha za magunia yake hufikiria bati jipya kabla ya kufikiria kitu kingine, na kuanzia Lizaboni hadi Mfaranyaki, kuanzia Bombambili hadi Ruhuwiko, unasikia nyundo tu. Nyumba nyingi zinazoezuliwa zina bati la chuma lililoliwa na kutu, na huko la kuogopa ni mkono kuchanika na pepopunda. Makala haya ni kwa ajili ya zile nyingine: kota za watumishi, madarasa, maghala, na nyumba za watu binafsi zilizojengwa zamani zikaezekwa kwa yale mabati manene ya kijivu yaliyotengenezwa kwa saruji na asbesto. Kwa mapaa hayo, kiangazi ndicho kipindi kibaya kuliko vyote. Kila kitu kimekauka, upepo unashuka kutoka milima ya Matogoro, na kwa kuwa pesa ipo mfukoni kila mtu anataka kazi iishe leo.

Nitangulize neno moja ambalo mengine yote yanalitegemea. Paa la asbesto lililo zima, ambalo halijapasuka, halitobolewi wala halikatwi, lina hatari ndogo kwa anayelala chini yake. Hatari huanza siku anapopanda mtu mwenye msumeno, grinda, drili au nyundo. Kwa hiyo kabla hujatafuta fundi, jiulize kama kuna haja yoyote ya kuligusa.

Asbesto ni madini yanayochimbwa ardhini, aina sita kwa jumla, yenye tabia ya ajabu ya kuchambuka kama pamba hadi yawe nyuzi. Haziungui, hazikatiki kirahisi, na zikichanganywa na saruji huifanya iwe ngumu hata ikiwa nyembamba. Mwaustria Ludwig Hatschek ndiye aliyeupatia hataza utaratibu huo mwaka 1901, na kwa muda wa miaka themanini hivi dunia ilijiezekea kwa bidhaa zake: hazishiki kutu, hazipigi kelele mvua ikinyesha, hazichemki jua likiwaka. Aliyewahi kulala kwenye nyumba ya bati jipya wakati wa masika ya Songea anaelewa kwa nini wahandisi wa serikali walizipenda. Katika bati la aina hiyo, asbesto huwa kama kilo 10 hadi 15 kwa kila kilo 100, na iliyobaki ni saruji. Saruji ndiyo inayozishikilia nyuzi zisitoke. Ukiivunja au ukiisaga, umezifungulia mlango.

Nyuzi hizo ni nyembamba mno, hazionekani kwa macho. Vumbi unaloliona likitua kwenye nguo ya fundi si hilo la kuhofia zaidi. La kuhofia ni lile linalobaki likielea saa nyingi baada ya fundi kuteremka na kwenda kula. Ukilivuta, linapita puani na kooni hadi kwenye vifuko vya hewa vya ndani kabisa ya mapafu. Chembe za ulinzi za mwili hujaribu kuumeza kila uzi, lakini uzi ni mrefu kuliko chembe yenyewe, wala hauyeyuki. Basi unabaki pale miaka nenda rudi, pakiwa na uvimbe usiopoa na makovu yanayozidi kukua. Kwa mtu aliyevuta vumbi jingi kwa muda mrefu, makovu hayo huyafanya mapafu yakakamae, pumzi ikawa fupi hata kwa kupanda kilima kidogo. Ugonjwa huo ni asbestosisi. Wengine hupata saratani ya mapafu, ya zoloto au ya ovari. Na ipo mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au matumbo, ambayo ni nadra kuipata bila asbesto kuwa imehusika, na ambayo mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshachelewa kutibika.

Ukiyaeleza haya kwenye baraza lolote mjini, jibu litakuwa moja: "Mbona sisi tumekaa chini ya paa hilo miaka thelathini na hatujafa?" Swali halali kabisa. Sehemu ya jibu nimekwisha kuitoa, kwamba kukaa chini ya paa zima si sawa na kulikata. Sehemu nyingine ni muda. Magonjwa haya huchukua miaka kumi, ishirini, hata arobaini na zaidi tangu vumbi livutwe hadi dalili kuonekana. Kijana aliyefanya kazi ya saidia fundi akiwa na miaka kumi na nane anaweza kuugua akiwa babu, na hakuna atakayekumbuka ile wiki ya kuezua ghala. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote wakiwa na uhusiano na vilima vya Northern Cape palipochimbwa asbesto ya bluu. Kilichoshtua ni kwamba wengi wao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wameishi jirani na migodi, baadhi wakiwa watoto tu. Vumbi la mgodi wa asbesto ya bluu ni kali kuliko la bati la saruji, hilo nakubali, lakini kisa kile kilionyesha kwamba ugonjwa huu hauulizi kama ulikuwa na ajira.

Utalitambuaje paa lenyewe? Tazama unene kwanza, ukiwa chini, kwenye ncha inayotokeza nje ya ukuta. Bati la chuma ni jembamba kama kadi. La asbesto lina unene wa milimita tano au sita na mawimbi yake ni mapana. Rangi ni ya kijivu cha saruji iliyozeeka, mara nyingi pameota kuvu na ukoga wa kijani au mweusi, hasa upande usiopigwa na jua. Halishiki kutu. Lilipovunjika, ukingo wake hauko safi kama wa chungu, unaona manyoyanyoya. Tazama na silingibodi: bodi bapa za kijivu zilizopigiliwa kwa misumari, zinazovunjika kwa mlio mkavu, zinaweza kuwa za jamii hiyohiyo, sawa na bomba nene la kijivu la kutolea moshi au la maji. Vigae vyekundu vya udongo wa kuchoma, kama vya majengo mengi ya kimisheni, havimo kwenye hesabu hii. Ugumu ni kwamba yapo mabati ya saruji ya baadaye yasiyo na asbesto, nayo yanafanana na haya kama mapacha, na jicho haliwezi kuyatenganisha. Ni maabara tu. Kama jengo ni la zamani na huna uhakika, lichukulie kuwa ni asbesto, wala usivunje kipande ili ukachunguze.

Sasa, kama paa ni zima, ushauri wangu ni kuliacha na kuwakataza watu wanne. Wa kwanza ni fundi dishi, ambaye hufika na drili na akiona ukuta uko mbali hutoboa paa. Mwambie afunge nguzo ardhini au kwenye ukuta. Wa pili ni fundi sola, kwa sababu siku hizi kila mwenye nyumba anataka paneli, na fremu ya paneli ina matundu manane au zaidi. Paneli nazo zisimame kwenye fremu yake uani. Wa tatu ni kijana anayejitolea kusugua ukoga kwa brashi ya waya au kwa mashine ya maji ya kasi. Ukoga huo hauna ubaya, uache. Wa nne ni mtoto anayerusha mawe kuangusha maembe. Huyo utamweza ukiweza.

Gata inataka uangalifu wake. Paa la zamani hulika kidogo kidogo kwa mvua, na tope linalokusanyika kwenye gata lina nyuzi ndani yake. Likiwa bichi halina shida. Likikauka Septemba, halafu mtu akalikwangua kwa fagio, limekuwa vumbi. Lilowanishe kwanza, lizoe likiwa bichi, lifunge kwenye mfuko. Watu huniuliza pia kama maji ya kinga yanayotoka kwenye paa hilo yananyweka. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha ukomo cha asbesto katika maji ya kunywa, kwa kuwa ushahidi wa madhara ya kuinywa haujafikia kiasi cha kuweka kiwango. Hatari iliyothibitika ni ya kuvuta hewa. Acha mvua za mwanzo zipite bila kukinga, safisha simtanki likiwa na maji ndani, na kama una bomba la SOUWASA, mamlaka ya maji ya Songea, uani, maji ya kinga yatumie kufulia na kumwagilia.

Lipo paa ambalo haliachiki. Limepasuka, vipande vinadondoka, silingi imetoboka na watu wanaishi chini yake, au jengo lenyewe linabomolewa. Hapo ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa sababu wanaiona kazi hii kuwa sawa na kuezua nyumba yoyote.

Kisheria si sawa. Asbesto iliyoondolewa ni taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za taka hatarishi za mwaka 2021. Kuikusanya, kuisafirisha na kuitupa kunahitaji kibali, na anayesimamia ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Mwajiri anayepandisha vijana juu ya paa anabanwa pia na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyo mikononi mwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Mlango wa karibu wa kuanzia ni ofisa mazingira wa Manispaa, au wa Halmashauri kama uko Peramiho au Namtumbo. Nenda na picha za paa na idadi ya mabati, uliza kibali, uliza taka zitakwenda wapi, na uandikiwe. Kama jengo ni la taasisi, usikubali kuanza bila hayo. Kama ni nyumba yako ndogo, nenda pia. Lakini kwa kuwa najua mafundi wengi watapanda hata hivyo, nieleze inavyopasa kufanywa.

Maji ndiyo kila kitu. Wakulima wa kahawa na mahindi wa mkoa huu wana kifaa ambacho kingefaa kuwa cha kwanza kufika saiti: lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa. Tumia jipya, au lililooshwa kabisa dawa ikaisha, ujaze maji safi na sabuni ya maji kidogo ili maji yapenye badala ya kuteleza. Pulizia kwa ukungu mwembamba juu na chini ya bati, hasa kuzunguka kila msumari, kisha ungoje linywe. Bati kavu lina rangi ya majivu; likishalowa rangi yake hukoza. Likianza kurudia rangi ya majivu, pulizia tena kabla hujaendelea. Skrubu zifunguliwe, misumari ikatwe kichwa kwa koleo au ing'olewe polepole, na bati litoke likiwa zima. Grinda ibaki nyumbani. Watu wawili walipokee, wateremshe kwa mikono hadi chini. Kile kitendo cha kulisukuma kutoka juu lidondoke lenyewe, kwa kelele na kicheko, ndicho kinachotoa vumbi kuliko kazi yote iliyobaki.

Na mtu asikanyage bati. Mabati haya yakizeeka hukatika ghafla, na fundi huishia sakafuni. Laza mbao ndefu zinazovuka kenchi na papi, akanyage hizo.

Kabla ya kuanza, toa watu, vyombo, vyakula na mifugo. Funga madirisha, ya jirani vilevile, ambaye ni haki yake kuarifiwa siku moja kabla. Tandika turubai au nailoni chini. Mafundi wavae ovaroli, na barakoa iwe ya chujio la daraja la juu, FFP3 au P3, inayobana uso bila upenyo. Mwenye ndevu haimkai vizuri. Barakoa ya kitambaa na zile za bluu za hospitali hazizuii nyuzi hizi, zinampa mtu ujasiri tu. Madukani Songea huenda usiipate, basi iagize Dar es Salaam kabla ya kuagiza mabati. Ikishindikana kupatikana, ahirisha kazi. Paa lililosubiri miaka arobaini litasubiri wiki mbili.

Kazi ikiisha, hakuna kufagia kwa fagio kavu. Futa kwa matambara mabichi, nayo yafungwe pamoja na taka. Nguo za kazi zivuliwe palepale, zilowekwe palepale, zisichanganywe na za nyumbani, na fundi aoge kabla hajambeba mtoto. Hili nalisisitiza kwa sababu ya akina mama. Mwaka 1965 watafiti wa London, Newhouse na Thompson, walionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wa mesothelioma walikuwemo watu ambao hawakuwahi kukanyaga kiwanda cha asbesto, ila waliishi na mfanyakazi wake, na wengi walikuwa wanawake waliomfulia nguo.

Mabati yaliyoteremshwa hayafai kwa kazi nyingine yoyote. Najua yanavyotamanisha: ni mazito, hayaozi, na banda la kuku halichagui. Lakini yatakatwa ili yatoshe banda, kisha choo cha uani, kisha kipande kitakuwa cha mtoto kuchorea mistari ya mchezo ardhini, na mwisho kabisa yatakuwa kifusi. Kifusi ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote. Vipande vikimwagwa barabarani kuziba tope la masika, magurudumu ya bodaboda yatavisaga msimu mzima, na ifikapo Agosti mtaa mzima unavuta. Usiyachome, maana kwenye moto yanalipuka vipande. Usiyatupe dampo la wazi wanakopita waokota chupa. Yafungwe tabaka mbili za nailoni nzito, mikunjo ibanwe kwa solatepu pana, yaandikwe kwa rangi ASBESTO – HATARI, yakae mahali palipofungwa hadi yachukuliwe na kufukiwa pale ofisa mazingira alipoelekeza.

Kwa walimu wakuu na kamati za shule ninalo la ziada. Bungeni suala la mapaa ya asbesto kwenye shule na nyumba za watumishi limeulizwa zaidi ya mara moja, na kuyaondoa yote kunataka bajeti ambayo haiji kwa siku moja. Wakati mnaingoja, mnaweza kufanya mengi bila fedha kubwa. Kagueni kila muhula, mwandike ni bati gani limepasuka na silingi ipi imetoboka. Darasa lenye vipande vinavyodondoka lihamishwe hata kama ni kwenda chini ya mwembe. Uwanja wa mpira usogezwe mbali na paa. Ukarabati wowote ufanyike likizo ya Juni au Desemba, kamwe usifanyike asubuhi watoto wakiwa upande wa pili wa ukuta. Mtoto wa miaka saba ana miaka mingi mbele yake, na ugonjwa unaochukua miaka arobaini una nafasi ya kutosha kumkuta.

Tuje kwa afya ya aliyekwisha kuvuta. Kama ulisaidia kuezua siku moja, usikimbilie eksirei. Haitaonyesha kitu, na uwezekano wako wa kuugua ni mdogo. Uwezekano hupanda kwa wingi wa vumbi na urefu wa muda. Kama umefanya kazi hii kwa miaka, na sasa una kikohozi kisichokoma, pumzi fupi, kifua kinachobana au uzito unaopungua, nenda hospitali na useme historia yako ya kazi hata kama hujaulizwa. Kwetu kikohozi cha muda mrefu hutafutiwa kwanza kifua kikuu, na ni sawa. Toa makohozi, kipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Ila majibu yakirudi hayana kitu mara mbili, mara tatu, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Sema: "Daktari, nimekata mabati ya asbesto miaka sita." Aliyewahi kufanya kazi kwenye makaa ya mawe kule Mbinga ataje na hilo, kwa kuwa kila vumbi lina ugonjwa wake.

Sigara iachwe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1979 juu ya wafunga vihami joto ulikuta kwamba asbesto peke yake ilizidisha vifo vya saratani ya mapafu kama mara tano, sigara peke yake kama mara kumi na moja, na mtu mwenye vyote viwili zaidi ya mara hamsini. Hakuna dawa ya kuutoa uzi uliokwisha kuingia, ila sigara inaachika. Na kama uliajiriwa, ugonjwa uliotokana na kazi una fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Tunza barua za ajira, hati za mishahara na majina ya mliofanya nao kazi, kwani miaka ishirini baadaye ndivyo vitakavyokusemea.

Wenye gereji nao wasijione wako nje. Breki za magari ya zamani, na baadhi ya vipuri vya bei rahisi, zinaweza kuwa na asbesto, na ule mtindo wa kupuliza vumbi la breki kwa hewa ya kompresa unalipeleka moja kwa moja usoni. Futa kwa tambara bichi.

Mwisho ni kwa anayenunua nyumba ya zamani mjini. Kabla ya kuandikishiana, pita nyuma ya nyumba, tazama paa kutokea chini, tazama silingi ya kila chumba, tazama na banda la kuku. Ukikuta asbesto, si lazima uache kununua. Gharama ya kuiondoa na kuifukia iingie kwenye bei, na muuzaji aseme kwa maandishi kama kuna mabati yaliyofukiwa kiwanjani, na ni upande gani, ili siku ukichimba shimo la choo usiyafukue.